Mpiga Mnada Katika Nchi ya Unyamavu

Mkikutana na mtu anayejigamba kwamba amefika Unyamavu, muulizeni kwanza kama milango ya kule inalia. Akisema inalia, mwongo huyo, mwacheni aende zake. Milango ya Unyamavu inapakwa mafuta ya ufuta kila asubuhi kwa amri ya serikali, na bawabu ambaye mlango wake utasikika ana kesi ya kujibu. Haya ninayowaletea nimeyapata kwa Shomari wa mnadani. Shomari ana kasoro zake, mimi mwenyewe nimeshagombana naye, lakini ya kutunga hadithi hana. Mungu alipogawa vipaji, cha kwake chote kiliishia kooni.

Na koo analo, jamani! Shomari ni mpiga mnada wa ng'ombe. Akinadi fahali upande huu wa bonde, walioko upande wa pili wanaanza kubishana bei. Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake Tatu, na Tatu ndiye aliyerithi upole wote wa ukoo. Nyumbani ilikuwa lazima umwulize kitu mara mbili ndiyo usikie jibu. Alipoolewa Unyamavu na kijana mmoja mpole anayeitwa Vuai, watu walisema binti amepata nchi yake.

Ikaja habari kwamba Tatu amejifungua mtoto wa kiume. Shomari hakukawia. Alifunga kanga, tende na kibuyu cha samli, akashika njia kwenda kumwona mpwa wake. Safari tuiache, ilikuwa milima na vumbi kama safari zote.

Mpakani walimwuliza jina. Akalitaja. Maofisa wakaziba masikio, mmoja akakaa chini kabisa. Walipopata nafuu walimfunga kitambaa cha pamba mdomoni na kumweleza, kwa kunong'ona, kwamba mgeni anaruhusiwa kusema yaliyo ya lazima tu, na kwamba mpaka sasa nchini mwao halijapatikana neno lililo la lazima. Kisha wakamkabidhi kwa Bwana Shaweji, ambaye alikuwa anarudi mtaani kwake, mtaa uleule wa Tatu.

Bwana Shaweji alikuwa Mpima Kimya. Hiyo ni kazi, na ina cheo. Mpima Kimya hutembea na pembe ndefu ya nyati. Huuweka mdomo wa pembe ukutani, huweka sikio kwenye ncha, husikiliza nyumba ya watu inavyopumua. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, mwenye viatu vilivyoshonewa sufi chini, na njia nzima alimwonyesha mgeni mambo ya nchi yake kwa fahari. Majogoo walikwisha fukuzwa, wanaishi uhamishoni nyuma ya kilima. Punda wamevalishwa soksi. Harusini wanawake hawapigi vigelegele kwa mdomo, wanainua mikono na kupepea vidole, na bibi harusi anatakiwa aone. Anayepiga chafya hadharani huhukumiwa kuzoa majani makavu barabarani, yasije yakachakarika chini ya miguu ya watu.

"Na mtu akiumia?" Shomari aliuliza ndani ya kitambaa chake.

"Huumia," Shaweji alisema, bila ubaya wowote.

Walipokaribia mji walipita kando ya bustani. Nzuri sana, nyasi fupi, na kwenye nyasi vijiwe vidogo vimepangwa kwa safu, kila kijiwe kimefungwa utepe mweupe. Shomari aliisifia. Shaweji akamjibu kwamba hiyo ni Bustani ya Watulivu, wamo humo watoto waliokuwa watulivu kuliko wote nchini. Kisha akatoka njiani, akainama kwenye kijiwe kimoja, akanyoosha utepe uliopinda, akarudi. Shomari hakuelewa, na hakuuliza, maana aliona mwenzake amebadilika uso.

Nyumba ya Tatu ilikuwa na utepe mweupe mlangoni, mpya kabisa. Hapo Shaweji alichangamka tena.

"Mpwa wako ameupa heshima mtaa wangu," alinong'ona. "Mtoto wa Unyamavu akimaliza siku nzima bila kulia, nyumba hufungwa utepe. Huyu tangu jana hajaguna hata kuguna. Nimesikiliza mwenyewe alfajiri, kabla sijaenda mpakani."

Ndani palikuwa na majirani wamekaa mkekani, wanapepea vidole. Vuai, baba mtoto, alikuwa anatabasamu mpaka magego. Tatu alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, na yeye hakutabasamu. Alipomwona kaka yake macho yalimjaa maji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kulikoni tena?"

"Mshike."

Shomari alimchukua. Sasa, huyu ni mtu aliyebeba ndama na mbuzi wachanga maisha yake yote, na mikono yake inajua kitu kimoja: kiumbe mzima anakusukuma, hata akiwa amelala. Huyu hakusukuma. Mikono ilining'inia. Ngozi ilikuwa ya moto kama mfuniko wa sufuria. Akapitisha kidole kichwani, pale utosini ambapo mtoto mchanga huwa laini na bapa, akakuta pamevimba na kukaza kama kitumbua. Alipokuwa bado anashangaa, mkono mmoja wa mtoto ukaanza kushtuka-shtuka wenyewe, shtu, shtu, shtu, kisha ukatulia.

"Ananyonya?"

"Tangu juzi hataki. Nikimpa, ziwa linamponyoka mdomoni. Alilia kwanza, kaka. Kilio chembamba, sijawahi kusikia mtoto akilia vile, na kila nikimbeba ndiyo kinazidi. Kisha akanyamaza. Aliponyamaza ndipo walipokuja na utepe."

Ndipo Shomari alipoelewa kwamba ile bustani ni makaburi. Aliniambia hajawahi kuogopa vile, hata siku fahali alipokata kamba akamfukuza yeye peke yake.

"Shemeji," Vuai alisema, tabasamu limeanza kumchuja, "mtoto ametulia tu. Mpima amepima."

"Mpima amepima kelele. Nani amempima mtoto? Hapa hamna daktari?"

Daktari alikuwepo. Mimi hapa ndipo ninapoona uchungu wa kisa hiki, kwamba Unyamavu hawakukosa kitu. Walikuwa na zahanati safi inayong'aa, na daktari aliyesoma akasomeka, Daktari Salha, mama wa makamo mwenye miwani. Walipompelekea mtoto, hakuhitaji pembe. Aligusa utosi, akainua mkono wa mtoto ukaanguka, akatazama macho, akasema papo hapo, "Mlazeni ubavu."

Aliuosha mgongo wa mtoto kwa dawa, akamkunja kama alivyokuwa tumboni, akaingiza sindano nyembamba katikati ya pingili na kutoa matone machache ya maji. Akayainua kwenye mwanga wa dirisha. Maji ya uti wa mgongo wa mtu mwenye afya, alieleza, ni maangavu, unaweza kusoma gazeti nyuma yake. Haya yalikuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele.

"Bakteria wameingia kwenye utando wa ubongo," alisema. "Ni homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ungeona shingo imekakamaa, ungesikia analalamika kichwa. Mtoto mchanga hana maneno hayo. Yeye huacha kunyonya, hulegea, hunyamaza. Basi."

"Dawa ipo?" aliuliza Tatu.

Daktari alinyoosha kidole. Kabati la kioo lilikuwa pale ukutani, na ndani yake vichupa vimejipanga kama askari. Lilikuwa na kufuli.

"Ufunguo upo Baraza la Majina," alisema, kwa hasira nadhani. "Sheria hairuhusu dawa ya kuua bakteria itolewe mpaka bakteria mwenyewe ajulikane jina. Haya maji nitayaweka kwenye kisahani, vijidudu viote, vitambulike. Kesho, kesho kutwa. Huyu hana kesho kutwa. Mbebeni, twendeni wote."

Baraza la Majina lilikaa katika ukumbi wenye zulia zito, unalokanyaga usijisikie. Juu ya mlango pameandikwa kwa herufi za dhahabu: PASIPO JINA, PASIWE TENDO. Waheshimiwa walikuwa wamekaa nusu duara, na mwenyekiti wao, Mzee Ngwali, alikuwa na ufunguo mkubwa umening'inia shingoni. Yeyote anayetaka kusema ilibidi ainame sikioni kwa jirani, jirani amnong'oneze jirani, mpaka neno limfikie mwenyekiti. Lilifika likiwa limepungua.

Tatu alikaa sakafuni na mwanawe. Daktari Salha aliruhusiwa kusogea karibu.

"Mtoto ana homa ya uti wa mgongo," alinong'ona. "Naomba ufunguo."

"Jina la adui?"

"Bado, mzee wangu. Lipo kwenye kisahani."

Mzee Ngwali alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Msimdhanie alikuwa mtu mbaya. Alieleza, kwa faida ya mgeni, kwamba zamani babu zao walikunywa dawa hizo kama chai. Mtu akikohoa, dawa. Akipiga mwayo, dawa. Wengine walianza wakaishia njiani, wakagawana vidonge na majirani. Vijidudu vikazoea, mwisho vikawa vinaogelea ndani ya dawa kama samaki, na watu wakafa na vidonge mdomoni. Ndipo ikatungwa Sheria ya Jina.

"Tusirudie upumbavu ule," alimaliza.

"Hilo sibishani nalo," alisema daktari. "Mwenye mafua anyimwe, nitakushukuru. Mtu mzima mwenye kidonda angoje jina, anaweza kungoja. Lakini wanaoingia vichwani mwa watoto wachanga si wengi, mzee. Tunawajua kwa ukoo. Nikianza na dawa mbili pamoja, mshipani, leo hii, nitawakuta karibu wote. Jina likija, naacha isiyohitajika na kuendelea na inayohitajika. Hiyo siyo pupa. Kila saa inayopita inakula kitu kichwani mwa mtoto huyu, na kingine hakirudi."

Neno likaenda kunong'onezwa nusu duara nzima. Mheshimiwa mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo. Mwingine akaafiki, ila akaomba kamati inong'one chini zaidi. Wa tatu aliuliza kama mtoto mwenyewe amekwisha pewa jina, maana kama hana, ombi limeletwa kwa niaba ya nani? Wakalijadili hilo kwa heshima kubwa. Mkono wa mtoto ukaanza tena kushtuka mapajani mwa mama yake, na safari hii mguu nao ukafuata.

Shomari aliona. Akaona na uso wa mdogo wake, ambaye alikuwa amefumba mdomo na kuutazama ule ufunguo kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi wa wenzake. Akatia mkono nyuma ya shingo, akafungua kitambaa.

"HAYA, HAYA, HAYAAA!"

Mimi sikuwepo, lakini ninaijua sauti ile, na nawaonea huruma wazee wale. Mmoja aliingia chini ya meza. Vumbi lilidondoka darini.

"Sogeeni, waheshimiwa, sogeeni! Leo sina ng'ombe, leo sina mbuzi. Leo ninanadi kitu kiitwacho KUNGOJA! Kitu hiki hapa, kimenona, kimelala barazani kwenu miaka na mikaka, kimekula na kushiba! Kungoja mpaka kesho kutwa! Nani anakichukua?"

"Mgeni—" Mzee Ngwali alianza.

"Sitaki fedha, mzee wangu, sitaki kitu. Nataka jina tu. Pale mlangoni mmeandika pasipo jina pasiwe tendo. Mimi si msomi, lakini kusoma najua. Kungoja nako ni tendo, waheshimiwa! Kunamtendea mpwa wangu sasa hivi, mtazameni mguu! Basi nipeni jina la mwenye kungoja. Nani kati yenu anasema, mimi fulani bin fulani, ndiye niliyemngojesha mtoto huyu? Wewe, mwenye kofia?"

Mwenye kofia akatazama zulia.

"Mara ya kwanza! Wewe wa kamati ndogo? Kizuri hiki, kichukue!"

Wa kamati ndogo akasema pole pole kwamba uamuzi ni wa Baraza.

"Baraza si jina! Baraza ni viti! Mara ya pili!" Na hapa sauti ya Shomari ilipasuka, maana alikuwa analia, hakuficha. "Mara ya pili, wazee wangu. Baada ya hapo sina tena la kunadi. Jamani, hakuna hata mmoja?"

Ukumbi ukawa kimya, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Unyamavu hakuna aliyeufurahia ule ukimya. Mzee Ngwali aliinuka. Alitembea mpaka alipokaa Tatu, akachuchumaa kwa shida, magoti yakalia kwa sauti ya kuvunja sheria. Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akavua ufunguo shingoni.

"Andikeni jina langu kwenye dawa," alisema, bila kunong'ona. "Kwenye kungoja sitaki lionekane."

Daktari Salha hakusubiri shukrani. Wale wanaojua viatu vya Unyamavu wanasema ndiyo siku ya kwanza vilisikika vikikimbia.

Dawa iliingia mshipani jioni ileile, mbili pamoja kama alivyosema, na nyingine ya kutuliza degedege. Sitawadanganya kwamba mtoto aliruka kitandani. Alikaa vilevile, wa moto na mlegevu, mchana uliofuata wote, na Tatu hakuondoa jicho kwenye ile chupa inayodondosha. Vuai alikwenda nyumbani akaung'oa utepe mlangoni, akarudi nao umekunjwa kiganjani, akakaa pembeni ya mke wake. "Nilifurahi, Tatu," alisema. "Ananyamaza mwanangu, na mimi nafurahi." Tatu alimshika mkono.

Kisahani kikaotesha. Jina likajulikana. Baraza zima likavaa majoho likaja zahanati kulisoma kwa heshima zote, jina refu la kigeni, la adui ambaye kwa saa hiyo alikuwa kwa sehemu kubwa amekwisha kufa. Daktari alilisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaifunga moja ya zile dawa mbili na kuiacha nyingine iendelee. Waheshimiwa wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mzee Ngwali alionekana akiguna, na wengine wanaapa kwamba alikuwa anacheka.

Na siku ikafika mtoto akafumbua macho. Utosi ulikuwa umeshuka. Tatu alimpa ziwa bila matumaini makubwa, na mtoto akalikamata, akavuta mara moja, akapumzika, akavuta tena. Tatu alianza kulia na kucheka kwa pamoja, na Shomari akatoka nje kwenda kuongea na ukuta.

Sasa mngedhani yameisha. Kumbe Unyamavu walikuwa na sheria nyingine, na hii naijua hata huku kwetu ina wafuasi. Kwao mgonjwa akionyesha nafuu huhesabiwa amepona, na aliyepona haruhusiwi kuonekana anatibiwa, kwa kuwa inaharibu furaha. Huitwa Sherehe ya Nafuu. Bwana Shaweji ndiye aliyetumwa kuiongoza. Alikuja na utepe mpya, na nyuma yake watu wa kuchomoa mpira wa dawa.

Shomari alikuwa anajiandaa, ameshavuta pumzi. Lakini aliyefika mlangoni kwanza ni Tatu.

"HAMPITI!"

Hata kaka yake aliruka. Tatu, yule wa kuulizwa mara mbili! Alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, kanga imemdondoka begani.

"Dozi haijaisha! Mnaona amenyonya mnadhani vita imekwisha? Daktari amesema waliobaki wamejificha. Mkiondoa dawa leo wanarudi, na wakirudi wanarudi wakiijua! Mmeisahau hadithi ya babu zenu ya kuacha dawa njiani? Mzee Ngwali ameisimulia mbele yangu! Haingii mtu wala hautoki mpira mpaka mwezi huu ufe na mwingine uandame, kama daktari alivyosema!"

Vuai alikuja akasimama kando yake. Alijaza nafasi ya mlango iliyobaki. Bwana Shaweji aliwatazama, akautazama utepe mkononi mwake, akaangalia ndani pale mtoto alipolala na mdomo una maziwa. Aliwaambia watu wake warudi. Yeye mwenyewe alibaki, akauliza kitu ambacho Mpima Kimya hajawahi kuuliza.

"Mama Mtoto, wa kwako alianza vipi?"

"Aliacha kunyonya," Tatu alisema. "Kisha akanyamaza."

Shaweji akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwa njia ya bustani.

Mwezi ukafa, mwingine ukaandama. Mpira ukatolewa, mtoto akarudishwa nyumbani akiwa amenenepa mashavu. Daktari Salha akaja nyuma yao, akakaa mkekani, akavua miwani. Kilikuwepo kitu kimoja alichokuwa amekiweka moyoni.

"Ugonjwa huu ukiondoka," alisema, "wakati mwingine huondoka na masikio ya mtoto. Ni vizuri kujua mapema, asaidiwe mapema. Nitampima kwa vyombo pia, na tutaendelea kumwangalia anavyokua. Lakini leo ningependa kujua kama anashtuka."

"Mlikuwa mnawapimaje wengine?" aliuliza Vuai.

"Hatukuwa tunawapima. Katika nchi hii anayesikia na asiyesikia wanalelewa sawasawa, nani angejua?" Akamgeukia Shomari. "Mzee Ngwali ameruhusu sauti moja."

Basi yule bwana, ambaye hajawahi kukosa sauti tangu azaliwe, akaikosa. Alimtazama mpwa wake amelala chali mkekani, macho yanazunguka darini, kimya, mtulivu, na akaogopa kunadi. Itakuwaje asipogeuka? Sauti ile ndiyo mali yake yote. Ikigonga ukuta hapo, ataipeleka wapi?

"Nadi, kaka," Tatu alisema. "Lolote litakalokuwa, ni wetu huyu."

Shomari akavuta pumzi.

"HAYA, HAYA, HAYAAA!"

Mtoto aliruka. Mikono yote miwili ilifunguka kama anataka kukumbatia nyumba nzima, mdomo ukapinda, uso ukawa mwekundu, na kikatoka kilio. Siyo kile chembamba. Kilio kizito, cha ugomvi, cha mtu aliyeonewa na anayetaka wote wajue. Kilipita dirishani kikajaa mtaa. Daktari Salha alifunika uso kwa mikono. Vuai alicheka mpaka akakaa chini. Nyumba ya pili, bibi mmoja mzee aliyekuwa anaanua nguo aliinua vidole apepee, kama alivyofundishwa tangu utoto, kisha mdomo wake ukafunguka wenyewe na kigelegele kikatoka, kibovu, kimeota kutu, kigelegele cha kweli. Wa upande wa pili akakijibu.

Bwana Shaweji alikuwa palepale nje na pembe yake ukutani. Kwa sheria ilimpasa kuingia na kumpa baba mtoto fagio la kuzolea majani makavu. Aliutoa mdomo wa pembe ukutani, akafuta macho kwa mkono wa shati, na akasimama anasikiliza kilio kile kwa masikio yake matupu mpaka mtoto aliponyamazishwa kwa ziwa.

Kisha akaendelea na zamu yake. Nyumba ya tatu kutoka pale ilikuwa na mtoto mchanga, na mlangoni utepe mweupe alioufunga yeye mwenyewe jana. Akaweka pembe. Akasikiliza. Hamkusikika kitu, kimya kizuri, cha daraja la kwanza. Shaweji aliufungua utepe ule, akautia mfukoni, akakunja ngumi na kuupiga mlango kwa nguvu zake zote.

"Hodi humu ndani! Amkeni! Mtoto amenyonya?"